Nikaha kwa Mtandao wa Delta

Kazi yangu ni kuharibu mtandao. Watu wakiniuliza nafanya nini nawajibu hivyo hivyo, na wakicheka nawaacha wacheke, sina nguvu ya kueleza kila siku. Kuna kampuni moja ya Dar es Salaam inayotengeneza programu za simu kwa ajili ya zahanati na wakulima. Vijana wanaoziandika wanakaa kwenye jengo lenye intaneti ya waya, ukibonyeza tu kitu kimeshafunguka. Hawajui kusubiri ni nini. Programu zao zikifika huku kwetu zinakufa, halafu wao wanashangaa. Kwa hiyo mimi, nikiwa chumbani kwangu Kibiti, nachukua intaneti nzuri na kuibana mpaka ifanane na ya huku, kisha naijaribu kazi yao humo ndani, wapate kuona aibu mapema.

Kubana huko kuna programu yake. Unaiambia kasi iwe ndogo kiasi hiki, sauti ichelewe kiasi hiki, vipande kadhaa vipotee njiani visifike kabisa. Nilipoanza kazi nilikuta wameshaweka vipimo vyao vya mtandao wa kijijini, na nilipovijaribu nilipandwa na hasira. Walikuwa wameweka ucheleweshaji mmoja, ule ule, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nani kawaambia mtandao wa kijijini unachelewa kwa adabu namna hiyo? Wa kwetu unakimbia, unasimama, unaleta maneno yote uliyosema tangu zamani kwa mkupuo kama watoto wanaotoka madrasa, halafu unalala. Niliwaandikia hivyo, kwa ukali. Wakanijibu, haya, basi tuletee huo wa kwenu wenyewe.

Nikaenda kuuchukua kwa baba.

Baba anakaa kisiwani, ndani ya delta. Unapanda boti Nyamisati maji yakijaa, unaingia katikati ya mikoko, unateremka kwenye tope na viatu mkononi. Kila nyumba pale ina nguzo yake ya simu: boriti ndefu ya mkoko, juu yake kikapu kidogo cha ukindu, na ndani ya kikapu simu. Kikapu kinapandishwa kwa kamba. Simu ikilia unaishusha, na ukiishusha mtandao unakatika, kwa hiyo unaipandisha tena na kuzungumza nayo kwa kupiga kelele ukiwa chini. Kijiji kizima kinajua nani anadaiwa na nani kaposwa. Mimi nilipandisha simu yangu kwenye kikapu cha baba, nikaiacha imwage intaneti mpaka kwenye kompyuta yangu barazani, na kwa muda wote niliokaa pale nilikuwa narekodi sauti za pale barazani zikienda Dar na kurudi: lini mtandao unakuja, lini unaondoka, sauti inakawia kiasi gani.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba ananitazama. Alikuwa ameshapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, na mdomo umepinda, maneno yanatoka polepole na kwa shida, lakini yanatoka. Boti hawezi kupanda tena. Akaniuliza, "Unarekodi nini, mbona husemi kitu?" Nikamwambia narekodi kuchelewa. Akatikisa kichwa. "Kuna watu wana kazi, Wallahi."

Niliporudi Kibiti na kusikiliza zile rekodi niliona jambo ambalo baadaye niliwaeleza vijana wa Dar mpaka wakanichoka. Mtandao ukikwama, unakwama na kila kitu. Sauti ya baba ikikatika, kuku naye anakatika, redio ya jirani inakatika, mchi kwenye kinu unakatika. Mtandao hauchagui. Hauwezi kumshika mtu mdomo ukamwachia kuku aendelee kulia.

Lazima sasa niseme habari zangu, maana bila hizo hakuna la kusimulia. Nilikuwa nimeachika. Mume wangu wa kwanza alikuwa mtu wa meli za mizigo, na siku ya nikaha hakuwepo. Kaka yake ndiye aliyekaa mbele ya baba, akapewa mkono, akasema nimekubali kwa niaba ya ndugu yangu. Ndoa ilikuwa halali kabisa, wakala anaruhusiwa, hakuna aliyeitilia shaka. Lakini kila tulipogombana mume wangu alikuwa na neno lake moja: "Mie sikuwepo. Muulize aliyekukubali." Mwanzoni alilisema kwa utani. Baadaye akalisema bila utani. Talaka aliileta kwa ujumbe wa simu akiwa bandari ya mbali huko, na ujumbe ule, kwa mtandao wetu huu huu, haukuchelewa hata kidogo.

Sikulia. Watu walisubiri nilie, nikaona wanavyosubiri, lakini halikuja chozi. Shangazi yangu, dada wa baba, alinichukua kwake Ikwiriri, akanipikia wali wa nazi na kamba, nikala nikamaliza sahani na sikujua nimekula nini. Ilikuwa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya. Chakula hakikuwa na chumvi wala sukari. Kazi niliifanya vizuri sana wakati ule, vijana wa Dar wakanisifu. Nikiulizwa hujambo nilijibu sijambo, na ilikuwa kweli, hapakuwa na kilichouma.

Akaja huyu wa pili. Alikuwa mtu wa Ikwiriri, aliyefiwa na mkewe, anayefanya kazi ya udereva Maskati. Shangazi ndiye aliyemleta, kwa kuwa alimjua mama yake kwenye biashara ya ufuta. Tulizungumza kwa simu tu, akitoka kazini. Mpole, sauti nzito, na mtu wa chai. Nikimuuliza jambo jepesi, umekula nini, Maskati kuna joto, alijibu mara moja. Nikimuuliza zito, utarudi lini, watoto wa marehemu wanasemaje juu yangu, hapo nilisikia kijiko kikianza kuzunguka kikombeni. Kling, kling, taratibu, sukari imeshayeyuka zamani. Kisha anasema, "Tutazungumza, inshallah." Nilikizoea kile kijiko. Sikumpenda wala sikumchukia. Nilikubali kwa sababu shangazi alitaka, baba alitaka, na mimi sikuwa na kitu kingine nilichokitaka.

Ila baba alikuwa na sharti. Alituita tukaenda, mimi na shangazi, akalisema wazi kwa ule mdomo wake: kabla hajafa, aniozeshe yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, na amsikie mume kwa masikio yake akisema nimekubali. "Safari hii hakuna mtu wa kumkubalia mtu," alisema. "Anayeoa aseme mwenyewe. Asije akasema hakuwepo." Alipomaliza kusema alikuwa anatoka jasho.

Bwana harusi alisema atakuja likizo. Likizo ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Baba akawa analala zaidi kuliko anavyokaa. Bwana harusi akapendekeza kaka yake amkubalie, shangazi akamkata hapo hapo, "Hilo usimwambie kaka yangu, utamuua." Ndipo likaja wazo la simu. Baba kule kisiwani, mume Maskati, mtandao katikati. Wote wakanigeukia mimi.

Sheikh aliyetakiwa kusimamia alikuwa mzee wa Ikwiriri, mtaratibu, ambaye hapendi kuharakishwa. Alikuja kwenye ghala la ufuta la shangazi, akakaa juu ya magunia, akasema kwanza kwamba wenzake wengi hawaitaki nikaha ya simu, na sababu wanazo. Yeye hajakataa wala hajakubali. "Neno la baba, nimekuozesha, hiyo ndiyo ijabu. Jibu la mume, nimekubali, hiyo ndiyo kabuli. Mawili haya yafuatane, pasiingie kitu katikati. Sasa simu zenu zinachelewa. Zinachelewa kiasi gani?"

"Inategemea, sheikh."

"Inategemea nini?"

"Hali ya hewa. Betri ya mnara. Watu wangapi wanatazama mpira."

"Basi nisikilizishe," akasema.

Hili nililiweza. Mtandao wa kwa baba nilikuwa nao mzima kwenye kompyuta, na kuchelewa kwake na kukohoa kwake. Niliweka simu mbili, moja kwa sheikh pale mbele ya ghala, nyingine kwa shangazi kule uani, mbali tusikoweza kumsikia ila kwa simu, ambako kina mama walikuwa wanapepeta ufuta kwa nyungo, na sauti zote nikazipitisha kwenye kompyuta yangu. Nikamwambia sheikh, sasa sema maneno ya baba, shangazi atajibu ya mume.

Sheikh akaruka kutoka kwenye gunia. "Astaghfirullah! Hayo hayasemwi kwa majaribio! Nikaha haina mzaha, ikitamkwa imetamkwa. Unataka niondoke hapa nimemuozesha shangazi yako kwa nani?"

"Niozeshe kwa mpimaji wa mizani wa hapa ghalani," shangazi akadakia kwenye simu, "kuna ubaya gani?" Kina mama wakaangua kicheko.

Tukakubaliana kutumia mauzo. Sheikh alisema kuuza nako kuna ijabu na kabuli, na likiharibika watu wanarudishiana gunia. Akashika simu kwa mikono miwili. "Nimekuuzia gunia la ufuta."

"Unaniuzia ufuta wangu mwenyewe, sheikh?"

"Jibu, mama, jibu kama inavyotakiwa!"

"Haya. Nimenunua."

Mara ya kwanza niliacha intaneti nzuri, na jibu lilikuja papo hapo. Kisha nikafungulia ya delta. Sheikh akasema nimekuuzia gunia la ufuta, pakawa kimya kidogo, ndipo, nimenunua. Akaitikia kwa kichwa, akaona si vibaya. Nikazidisha. Nikazidisha tena, nikaiweka kama ilivyo jioni mbaya, mvua inanyesha na mnara unaumwa. Nimekuuzia gunia la ufuta. Kimya. Sheikh akaanza kuvuta tasbihi yake, punje moja, nyingine. Kisha akainua kidole.

"Mbona nyungo nazo zimenyamaza?"

Nikafurahi kidogo, kiasi nilichoweza kufurahi siku zile. Nikamweleza kama nilivyowaeleza vijana wa Dar: mtandao ukikwama unakwama na vyote, mtu na ungo. Angesikia nyungo zinaendelea na shangazi hasemi, hapo si mtandao, ni shangazi. Sheikh alikuwa bado analifikiria hilo sauti ya shangazi ilipomfikia, nimenunua, pamoja na nyungo zote kwa mkupuo.

"Sikiliza, binti," akasema. "Anayejibu akipata nafasi ya kusikia tu, hicho ni kikao kimoja. Akipata nafasi ya kufikiria, kikao kimevunjika. Afikirie kabla, asifikirie katikati. Lakini kama mtandao ndio uliomzuia, ana udhuru, nasi tutamsubiri. Siku hiyo nitakuuliza weye. Utaniambia ni mtandao au ni mtu."

Nikasema sawa. Sikuona kama nimepewa jambo zito, niliona ni kazi kama kazi nyingine. Shangazi alitoka kule uani na vumbi la ufuta kwenye nyusi, anauliza kama gunia lake ameuziwa au hajauziwa.

Tulikwenda kisiwani siku iliyopangwa, mimi, shangazi, sheikh, na mashahidi wawili wenye sauti za kukohoakohoa. Nilikuwa bibi harusi na fundi wa mitambo kwa wakati mmoja. Nilikuwa na hina mpaka kwenye viwiko, na kila nilipobonyeza kompyuta kina mama walikuwa wananipigia kelele kwamba nitaiharibu. Simu ilipanda kwenye kikapu. Spika nikaiweka barazani karibu na baba, ambaye walikuwa wamemvisha kanzu na kumwegemeza kwa mito. Mimi nilikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, na kina mama, na kompyuta juu ya magoti. Kule Maskati bwana harusi alikuwa chumbani kwake na wenzake wawili. Picha tuliziacha, mtandao usingezibeba. Sauti tu.

Sheikh alikuja kwenye pazia akaniuliza kama nimeridhia. Nikasema ndiyo. Kina mama wakanong'ona kwamba nimejibu haraka mno, bibi harusi anatakiwa kuona haya. Sikuwa na haya, sikuwa na kitu. Kutoka uani harufu ya pilau ilikuwa inaingia na mimi nilikuwa najua ni pilau kwa sababu nilimwona mchinjaji.

Nikatazama kompyuta. Mtandao ulikuwa mzuri. Nasema kweli, kwa muda wote niliowahi kuurekodi mtandao wa pale sikuwahi kuuona mzuri namna ile. Sauti zilikuwa zinakwenda na kurudi bila kukwaruza. Nilisikia mtu anakohoa Maskati kama anakohoa barazani.

Baba akaanza. Alikuwa amefanya mazoezi, shangazi aliniambia, kila asubuhi alikuwa anayasema yale maneno mwenyewe kitandani. Akamwita yule mtu kwa jina lake na la baba yake. Akasema, nimekuozesha binti yangu, kwa mahari mliyokubaliana. Neno "nimekuozesha" lilimchukua muda, alilipanda kama ngazi, lakini alilifikisha juu.

Kisha pakawa kimya.

Mwanzo ni kile kimya cha kawaida, nilichokizoea, na nilikihesabu moyoni bila kutaka kama ninavyofanya kazini. Kikapita pale kinapoishia. Kikaendelea. Barazani shahidi mmoja akasema, "Mtandao huo." Mwingine akasema, "Ah, mtandao wetu tena!" Nje mtu akapiga kelele kikapu kivutwe juu zaidi.

Na ndani ya kile kimya nikasikia kijiko.

Kling, kling. Kilikuwa kinazunguka taratibu, hakikatiki, hakirukiruki. Mzunguko baada ya mzunguko ulikuwa unafika wote, mzima, kutoka Maskati mpaka kwenye boriti ya baba mpaka kwenye spika. Nikatazama kompyuta, nikitamani nione kitu kimekwama. Hakikuwepo. Mtandao ulikuwa unaniletea kikombe kizima cha chai.

Kijiko kikasimama. "Nimekubali," akasema.

Kina mama wakalipuka kwa vigelegele, mmoja akanikumbatia kichwa na ushungi wangu ukaanguka. Sheikh akainua sauti. "Ngojeni! Ngojeni kwanza!" Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Nikasikia miguu yake inakuja mpaka kwenye pazia. Akasimama upande wa pili, nikaona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa.

"Binti," akasema, "muda umekuwa mrefu. Ule ulikuwa mtandao, au mtu?"

Niseme ukweli, neno mtandao lilikuwa tayari mdomoni. Ni neno ambalo watu wote mle ndani walikuwa wameshalisema. Lisingemshangaza yeyote. Baba alikuwa barazani amemaliza lile alilokuwa akilifanyia mazoezi kila asubuhi, pilau lilikuwa limeiva, mashahidi walitaka kuwahi boti maji yakijaa. Ningelisema tu, ningekuwa mke wa mtu, na baba angelala usingizi wake.

Lakini kitu kiliuma. Kilianzia kwenye masikio, yakawa moto, kikashuka kifuani. Mpaka leo nakikumbuka kwa jinsi nilivyokishangaa, kama mtu anayesikia mguu wake umerudi. Niliona uchungu. Niliona hasira pia, hasira kubwa, wala si kwa ajili ya yule mtu peke yake. Baba yangu kwa nusu ya mdomo wake alikuwa amelisema neno langu mbele ya watu, na mwenye mdomo mzima alikuwa anakoroga chai akifikiria kama ananitaka.

"Mtandao mzima, sheikh," nikasema.

Hakuuliza mara ya pili. Nikasikia anavuta pumzi. "Basi ni mtu," akasema kwa wale wa barazani. "Kikao kimevunjika. Si dhambi, watu wanasita. Tunaweza kuanza upya sasa hivi, maneno yale yale." Akamgeukia baba. "Mzee unasemaje, turudie?"

Baba akaelekeza kidole kwenye pazia. "Muulize mwenyewe," akasema.

"Binti, turudie?"

"Hapana."

Nilijibu hapo hapo, kabla hajafunga mdomo, na shangazi aliyekuwa ameketi karibu yangu akanishika mkono wenye hina akaukaza. Tulisikia kuku wetu, na bahari kwa mbali inarudi kwenye mikoko. Kimya hicho kilikwenda mpaka Maskati, maana simu ilikuwa bado hewani na sisi tulikuwa tumeisahau.

"Haloo?" sauti ikasema kwenye spika. "Haloo? Sheikh? Mbona kimya?" Akangoja. "Haloo? Ah! Mtandao wa huko kwenu bwana, mbovu!"

Shangazi akainuka, akafungua pazia kwa mkono mmoja, akatoka mpaka barazani bila kujali wanaume. Akainama kwenye spika.

"Mtandao mzima, mwanangu," akasema. "Ni lile gunia letu. Tumelirudisha ghalani."

"Gunia?" akasema yule mtu. "Gunia gani tena?"

Sheikh akafunika uso kwa kiganja, mabega yanatikisika. Baba akacheka. Tangu kiharusi sikuwa nimemsikia akicheka, na kilikuwa kicheko kibaya, cha upande mmoja, kinachotoa mate, na alicheka mpaka shahidi mmoja akaogopa akamfanyia upepo kwa kofia yake. Mimi niliikata simu.

Watu walikula pilau, wangefanyaje, lilikuwa limeshapikwa. Baadaye walipopungua nilichukua sahani nikaenda kukaa chini kando ya kiti cha baba nimlishe. Lilikuwa limeungua chini na limezidi chumvi. Nikamwambia, "Limezidi chumvi." Akasema ameliona hilo tangu tonge la kwanza ila hakutaka kuwaaibisha wapishi.

Alitafuna, akameza kwa taabu. "Mie kwanza nilidhani ni mtandao," akasema. "Halafu nikasikia anakoroga."

"Ulisikia, baba?"

"Masikio hayakupigwa na kiharusi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikwisha sema langu," akasema. "Nilikuwa nasubiri lako."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, na machungu ya yule mume wa kwanza nikayalia humo humo, hina na pilau vyote usoni. Baba hakuninyamazisha. Alifungua mdomo kwa ule upande ulio mzima akangoja, mpaka nilipokumbuka na kumtilia tonge jingine.